Sahani ya Mlimani: Historia Fupi ya Maisha ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa kikiwa kidogo sana. Oktoba 25, 1961, wiki sita tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kilifungua milango katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye akawa Waziri wa Sheria. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, na darasa lilikuwa dogo kiasi kwamba kila mwalimu alimjua kila mwanafunzi kwa jina.

Historia hii imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya maprofesa na kwa siasa zao. Mimi naona kuna njia nyingine ya kuisoma, nayo inaanzia kwenye bweni na bwalo la chakula. Nani alimlisha mwanafunzi, alimlaza wapi, na alimtaka alipe nini? Karibu kila mgogoro uliowahi kukitikisa chuo hiki ulitoka hapo.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, nje ya mji wa siku zile. Mabweni yalikuwa mapya na milo ikiandaliwa bwaloni. Serikali ililipa masomo, malazi na chakula, na mwanafunzi alitia saini kwamba akihitimu atafanya kazi atakayopangiwa. Lilikuwa deni zito kuliko lilivyoonekana. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, amewasaliti.

Haukupita muda fumbo hilo likawa jambo la kweli. Serikali ilitangaza kwamba wahitimu watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao na mabango yenye maneno makali. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawafukuza. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao, na wengi wao wakaruhusiwa kurejea baadaye. Lakini Mwalimu hakuwaadhibu wao peke yao: alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa hoja yao kuhusu mishahara ya wakubwa ilikuwa na ukweli ndani yake. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kwa maoni yangu siku ile ya Oktoba ilikijenga chuo hiki kuliko sherehe yoyote iliyofanyika Mlimani, kwa sababu ililifikisha swali la sahani ya mwanafunzi hadi kwenye meza ya Rais.

Baada ya hapo wanafunzi wenyewe walianza kulijibu. Kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, ambacho Yoweri Museveni alikiongoza, kiliwakusanya vijana wa Afrika Mashariki na nchi jirani. Jumapili walikaa kusoma na kubishana juu ya ukombozi, na mwaka 1968 baadhi yao walikwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO huko Msumbiji. Mwaka huohuo walizuia sherehe ya kila mwaka ambayo wanafunzi walivaa matambara na kupita mitaani wakichangisha fedha za hisani. Vijana wa USARF waliona ni dhihaka kwa watu ambao matambara ndiyo nguo yao ya kila siku. Jarida lao, Cheche, lilianza mwaka 1969 na kufungiwa mwaka uliofuata. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo miaka hiyo, na jukwaani mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein ulikuwa ukiigizwa. Mtu aliyeishi Mlimani wakati ule alipata elimu nyingine jioni, baada ya vipindi kwisha.

Julai 1, 1970 chuo kilijitegemea, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likabadilisha sura za mabwenini: mtu hakuingia tena chuoni moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali baada ya jeshi na miaka ya kazi. Wakaja watu wazima, wengine wenye ndoa na watoto. Idadi ya wasichana ilishuka, ikabidi masharti yalegezwe kwao. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, na wengi wakafukuzwa. Serikali yao, DUSO, ilivunjwa, na MUWATA iliyokuwa chini ya chama tawala ikachukua nafasi yake.

Kuna sura moja isiyopaswa kufichwa hata katika maandishi ya kumbukumbu. Kwa miaka mingi kuta za chuo zilibandikwa maandishi ya Punch, mwandishi aliyejificha nyuma ya jina hilo la bandia. Alianza kama mkosoaji wa wakubwa. Baadaye akawa mnyanyasaji wa wasichana, akiwachora na kuwatukana hadharani. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa hivyo. Punch alipigwa marufuku. Msichana yule kitanda na chakula alikuwa navyo, lakini ulinzi hakuupata.

Mwaka huohuo chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa kutokana na mgomo, na kilipofunguliwa mwaka 1991 zama za kusomeshwa bure zilikuwa zikielekea ukingoni. Uchangiaji wa gharama ukaingia. Fedha ya chakula ikawekwa mkononi mwa mwanafunzi, na kuchelewa kwa fedha hiyo, iliyoitwa bumu, kukawa sababu mpya ya migomo. Sheria ya mwaka 2004 ilianzisha Bodi ya Mikopo: deni la kijiji likageuka deni la fedha. Wanafunzi waliongezeka haraka kuliko vitanda, hata watu wakabebana, wawili kwenye kitanda cha mmoja. Hosteli za Mabibo zilipunguza makali, na Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840.

Mikopo na majengo ni mambo ya lazima. Hata hivyo mwanafunzi anayedaiwa fedha tu ni rahisi kuamini kwamba akishalipa amemalizana na nchi yake, na hilo ni pengo ambalo ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi pamoja na serikali ya wanafunzi, DARUSO, haziwezi kuliziba bila msaada wa wanataaluma.

Wapishi, wafua nguo, walinzi na matroni waliowahudumia wanafunzi wa miaka ya mwanzo sasa ni wazee. Wewe uliyeishi Mlimani, kama unamfahamu mmoja wao, mtafute, umhoji na kurekodi anayosimulia, kisha uyapeleke Maktaba ya Chuo, sehemu ya East Africana, yahifadhiwe pamoja na ya maprofesa.