Majoho Ikulu

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana hadi Ikulu. Wa Chuo Kikuu walivaa majoho yao. Walipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema afadhali ukoloni.

Niliposoma habari za bango hilo mara ya kwanza, nilicheka. Watu waliosomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba, katika nchi yenye wasomi wa kuhesabika, wanaililia asilimia 60! Na nadhani wengi wao waliweza kukuhutubia usiku kucha juu ya ukombozi wa Afrika.

Nyerere aliwasikiliza, kisha akapandwa na hasira. Lakini katika madai yao mlikuwa na hoja moja nzito: mbona wakubwa wenyewe hawakatwi? Akakiri palepale kwamba mishahara ya wakubwa ni minono mno, wake ukiwemo, akaupunguza kwa asilimia 20. Halafu akawafukuza wanafunzi karibu 400, warudi makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, wala sikumbuki kusoma kwamba kuna msomi aliyeandamana.

Mwaka huu nilialikwa kwenye semina ya siku mbili kuhusu pengo la kipato. Nikawasilisha sura ya tasnifu yangu, hiyohiyo ya 1966, na ukumbi mzima ukawacheka vijana wale kama nilivyowacheka mimi. Jioni ya siku ya pili tukapanga foleni kusaini posho. Mama aliyekuwa akituhudumia chai alinikuta nahesabu noti.

“Mwanangu, hiyo ya mwezi?”

“Hapana mama, ya siku mbili.”

“Haya. Mungu awazidishie,” akasema, akaendelea kukusanya vikombe.

Katika sura ile nilikuwa nimeandika “ubinafsi wa wasomi wale”. Nimelifuta neno “wale”, nikalirudisha, nikalifuta tena. Posho niliichukua. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba.