Mshahara wa Muuguzi Ukipimwa kwa Bei za Pasua

Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Miaka mitatu kabla yake kima hicho kilikuwa kimepanda kwa asilimia 23.3, na hapo ndipo ulipokatika ukame wa nyongeza uliodumu tangu 2016. Watumishi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ila matangazo yote mawili yana sura moja: tarakimu moja kwa nchi nzima, kana kwamba shilingi ina nguvu ileile Singida, Kariakoo, Newala na Moshi. Wauguzi wanaolipwa na Serikali wamepangwa katika ngazi za mishahara za TGHS, zinazotofautiana kwa elimu, cheo na miaka kazini. Mahali anapoishi muuguzi hapamo katika hesabu hiyo.

Dai langu katika makala haya ni kwamba usawa wa namna hii haumtendei haki muuguzi wa mjini, na kwamba Moshi inatusaidia kuona haki hiyo inapotea wapi hasa. Haipotei sokoni. Inapotea kwenye kodi ya pango na kwenye nauli, yaani mambo mawili ambayo nyongeza ya mshahara inayapunguzia uzito kwa gharama kubwa na polepole mno.

Pasua ni kata ya Manispaa ya Moshi upande wa kusini, ambako mji unashuka kuelekea Mabogini na tambarare ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Ni mtaa wa wapangaji. Vijana walioshuka kutoka Kibosho, Old Moshi na Marangu wanaishi humo pamoja na waliotoka Pare, Singida na Kigoma, na miongoni mwao wamo wauguzi: wa kituo cha afya cha Pasua chenyewe, wa hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi, wa Mtakatifu Yosefu pale Soweto, na wa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa 1971 kaskazini mwa mji. Wanapanga Pasua kwa sababu inayoeleweka: karibu na KCMC wanagombania vyumba na wanafunzi wa vyuo, na Shanty Town, mtaa wa wenye uwezo licha ya jina lake, haiwahusu. Mji huu unauza utalii wa mlima na una vyuo vikuu kadhaa, kwa hiyo wenye nyumba hupanga kodi wakimtazama mgeni wa kujitolea kutoka Ulaya na mwanafunzi anayelipiwa na wazazi, si mtumishi wa ngazi ya cheti. Pasua ni mahali ambapo shinikizo hilo hufika likiwa limepungua, na hata hapo mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mshahara unakuja kwa mwezi, kodi inadaiwa kwa nusu mwaka. Pengo hilo la muda peke yake huwasukuma wengi kwenye mikopo.

Kwa chakula, Moshi si mji mgumu. Mpunga wa skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, unalimwa jirani kabisa na Pasua. Ndizi zinashuka kila siku kutoka migombani, na Mbuyuni na Kiboriloni ni masoko yanayolisha hata wasio na fedha nyingi. Mtu akilinganisha bei za vyakula peke yake anaweza kuhitimisha kwamba muuguzi wa Moshi ana bahati kuliko mwenzake wa wilaya kame. Hitimisho hilo limewapotosha wengi, na linapotosha zaidi likiungana na imani nyingine inayosikika hata maofisini: kwamba mtumishi wa Kilimanjaro ana kihamba, yaani shamba la ukoo mlimani, hivyo mshahara ni nyongeza tu.

Imani hii inastahili kuchunguzwa kwa makini, maana ndiyo inayofanya shida za wauguzi wa huku zionekane nyepesi. Zamani ilikuwa na ukweli ndani yake. Kahawa ya Arabika ilisomesha watoto wa mlimani kwa vizazi, na ushirika wa wakulima wa KNCU, ulioanzishwa 1933, ulikuwa nguzo ya kaya kabla watumishi wa mshahara hawajawa wengi. Lakini mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulivunjika 1989, bei ikaanguka, na miti mingi ikang'olewa kupisha ndizi, mboga na nyumba. Vihamba navyo vimegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka vingine havitoshi kulisha hata waliobaki. Leo fedha haziteremki tena kutoka mlimani kwenda mjini. Zinapanda. Muuguzi aliyepanga Pasua hununua mbolea ya kihamba cha baba, hulipia matibabu ya mama, huchangia misiba na ada za wadogo zake, na ifikapo Desemba, ukoo wote unaporudi nyumbani na bei za nauli na nyama zikapanda, hategemewi kufika mikono mitupu.

Kuna jambo zito zaidi. Wauguzi walio wengi ni wanawake, na kwa mila ya Wachaga kihamba hurithiwa na watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, lakini sheria ikiwa kitabuni na ndizi zikiwa shambani kwa kaka, anayekula ni kaka. Kwa hiyo hoja ya kihamba inampa muuguzi wa kike utajiri asiokuwa nao, kisha inautumia kupunguza uzito wa madai yake. Na muuguzi aliyepangiwa kazi Moshi kutoka Kigoma hana hata mgomba mmoja wa kusingiziwa.

Tuingie kwenye hesabu. Nachukua mfano wa mshahara wa 700,000 kwa mwezi, si kwa sababu ndio wa kila muuguzi, bali kwa kuwa unaonyesha vizuri jinsi makato yanavyofanya kazi. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, ni asilimia 5, sawa na 35,000. Bima ya afya ni asilimia 3, sawa na 21,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii na kuacha 270,000 za kwanza bila kodi, inafika 49,000. Tukiweka ada ya chama cha wafanyakazi ya asilimia 2, ni 14,000. Aliyesoma kwa mkopo anakatwa na Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Zinabaki 476,000. Hapo hatujagusa mkopo wa benki, ambao wengi wanao.

Sasa tuseme wauguzi wawili wa mshahara huu wanatofautiana kwa kodi ya nyumba tu: mmoja yuko wilaya ambako anapata nyumba kwa 50,000, mwingine yuko mjini Moshi na analipa 120,000 kwa makazi ya hadhi ileile. Tofauti ni 70,000. Kwenye karatasi ni asilimia 10 ya mshahara. Kwenye fedha zinazofika mkononi ni karibu asilimia 15, na hiyo ndiyo sehemu anayoiona yeye. Serikali ikitaka kuifidia kwa kumwongezea mshahara, haitoshi kumpa 70,000, kwa sababu kila shilingi inayoongezwa inapita tena kwenye makato yaleyale: hifadhi ya jamii, bima, chama, Bodi ya Mikopo, na kodi ya asilimia 20. Kwa shilingi 100 za nyongeza, anapata takribani 56. Ili 70,000 zimfikie, mshahara ungepaswa kupanda kwa zaidi ya 125,000. Kwa njia ya posho, ambayo haiingii kwenye mshahara wa msingi na hivyo hukatwa kodi ya mapato peke yake, 87,500 zingetosha. Ni kweli kwamba sehemu ya makato si hasara: pensheni itamrudia na deni la elimu ni deni lake. Lakini mwenye nyumba wa Pasua hapokei pensheni ya 2050.

Nauli nayo haiko katika kipimo chochote rasmi cha ujira. Muuguzi hufanya kazi kwa zamu. Zamu ya jioni inapokwisha, daladala za kuvuka mji kutoka kaskazini kurudi Pasua zimepungua au hazipo, na anayebaki ni wa bodaboda, kwa bei ya usiku. Mtumishi wa ofisini mwenye mshahara uleule halipi gharama hiyo. Wapo wanaosubiri kupambazuke wodini. Usalama wa mwanamke njiani usiku ni sehemu ya gharama ya kazi hii, na ninashangaa kwamba mijadala ya mishahara ya afya huizungumza kwa nadra sana.

Je, Serikali haina takwimu za kutofautisha mahali na mahali? Inazo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa chakula kuwa 33,748, na wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu walirekebisha matumizi ya kaya kulingana na tofauti za bei kati ya maeneo kabla ya kusema nani ni maskini. Waliona kwamba bila marekebisho hayo hesabu ingedanganya. Inakuwaje basi elimu hiyo ikubalike tunapomhesabu maskini, isikubalike tunapomlipa muuguzi? Ndani ya tarakimu hizo mbili kuna onyo pia. Chakula ni zaidi ya theluthi mbili ya mstari wa umaskini, kwa kuwa mstari huo unapima uhai wa mtu wa chini kabisa. Kapu la muuguzi mpangaji halifanani na hilo. Faharasa ya bei inayoelemea unga na maharage itaonyesha Moshi ni nafuu, na itakosea kuhusu mtu huyu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaotetea vijiji. Wanasema nchi tayari inakosa wauguzi pembezoni, na kumlipa zaidi wa mjini ni kuzidi kuwavuta wote mjini. Naliheshimu pingamizi hili. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Taasisi ya Benjamin Mkapa ilipeleka watumishi wa afya katika wilaya ngumu kwa malipo ya ziada, na mantiki yake ilikuwa sahihi. Lakini fidia ya bei na kivutio cha mazingira magumu ni malipo mawili yenye sababu mbili. La kwanza linarudisha thamani ya mshahara ulioliwa na pango. La pili linamlipa mtu kwa umbali, upweke, ukosefu wa umeme na shule za watoto. Yanaweza kutolewa yote, kwa viwango viwili, na la pili likawa kubwa. Kisichokubalika ni kuutumia ugumu wa kijijini kama sababu ya kutoutazama ugumu wa mjini, kisha pembezoni nako kusilipwe ipasavyo. Hayo ndiyo yanayotokea sasa.

Nchi nyingine zimekwisha kulipa kwa kufuata mahali. Kenya, ambayo mpaka wake wa Holili na Taveta hauko mbali na Moshi, hulipa watumishi wa umma posho ya nyumba kwa makundi ya maeneo, Nairobi ikiwa juu, na huwa na posho ya mazingira magumu kando yake. Uingereza huongeza mshahara wa wauguzi wa London ya ndani kwa asilimia 20 na wa London ya nje kwa asilimia 15, ndani ya viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Sisemi tunakili asilimia hizo. Tena mkoa ni kipimo kikubwa mno kwetu: Kilimanjaro ina Pasua, ina Machame, ina Same, na bei za pango hazikaribiani. Kipimo kinachofaa ni halmashauri, na posho ifuate takwimu za kodi ya chumba na sebule zitakazokusanywa humo kila mwaka.

Hata hivyo yote haya yanamgusa aliye kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Katika vituo vyetu wapo wauguzi wa mkataba wanaolipwa na mapato ya kituo, wapo wanaolipwa na hospitali za kanisa wakifanya zamu moja na wenzao wanaolipwa na Serikali, na wapo wahitimu wenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga wanaojitolea wakisubiri ajira. Hawa hawana ngazi ya TGHS ya kuongezewa posho. Kwao msaada wa haraka uko mikononi mwa manispaa na waajiri wenyewe: nyumba za watumishi zinazojengwa pamoja na majengo ya tiba, si baada yake, na gari la zamu linalowarudisha Pasua, Njoro na Majengo usiku. Wodi hujengwa kwa bajeti na kuzinduliwa kwa hotuba. Mahali atakapolala anayeihudumia wodi hiyo pawemo katika bajeti ileile, na mkaguzi apaulizie kama anavyoulizia vitanda.