Maji ya Mendoza

Msafiri atokaye Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, akifuata barabara kuu nambari 7 kuelekea magharibi, huenda kiasi cha kilomita elfu moja kabla ya kufika Mendoza. Kwanza hupita katika mbuga za nyasi na ng'ombe. Kisha nyasi hupungua, vichaka vya miiba hushika mahali pake, na ardhi huwa kavu na ya vumbi. Ndipo, pasipo kutazamiwa, hutokea safu za mizabibu ya kijani kibichi, zimenyoka kama mistari ya daftari, na nyuma yake husimama milima ya Andes yenye theluji. Mgeni hustaajabu. Nchi hii hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Mizabibu hiyo yanywa nini?

Jawabu li kando ya barabara, karibu na miguu yake. Humo mna mifereji, mikubwa kwa midogo, ipitishayo maji ya theluji iliyoyeyuka milimani. Wengi husema kwamba mvinyo wa Mendoza ni kazi ya Wazungu, na hiyo ni nusu ya habari. Wahispania walipouanzisha mji huu mwaka 1561, chini ya Pedro del Castillo, waliwakuta Wahuarpe wakilima mahindi kwa maji ya mifereji. Mmoja wa mifereji ya kale hata leo wapita mjini, nao huitwa Guaymallén, kwa jina la mkuu mmoja wa Wahuarpe. Wageni waliyatwaa maji na mashamba, kisha wakawatwaa na watu: Wahuarpe wengi walivushwa milima kwa nguvu wakafanye kazi Chile.

Milima hiyo hiyo ilivukwa tena mwaka 1817, wakati Jenerali José de San Martín alipoongoza jeshi la watu kama 5,000 kwenda kuikomboa Chile. Yafaa msomaji wa Afrika ajue kwamba askari wengi wa miguu katika jeshi hilo walikuwa watu weusi, watumwa walioahidiwa uhuru kwa kushika silaha. Watumwa wa nchi zile walitolewa Angola, Kongo, na hata Msumbiji. Wachache tu katika askari hao waliiona Mendoza tena.

Mizabibu ilikuwapo tangu siku za Wahispania wa kwanza. Mwaka 1853 Mfaransa aitwaye Michel Aimé Pouget alileta miche ya Malbec, zabibu nyeusi ambayo kwa sasa ndiyo sifa ya Mendoza duniani. Tarehe 20 Machi 1861 tetemeko la ardhi liliubomoa mji na kuua maelfu ya watu. Uliojengwa upya ulipewa njia pana, ili kuta zikianguka watu wapate pa kukimbilia, na kila njia ikapandwa miti inyweshwayo na mfereji. Mtu asiyetazama chini aweza kutumbukia humo usiku!

Mambo mawili ndiyo yaliyougeuza mji huo kuwa wa mvinyo. Mwaka 1884 ilipitishwa sheria iliyoyafunga maji na shamba, kila shamba kwa haki yake. Na mwaka 1885 likafika garimoshi kutoka Buenos Aires. Safari ambayo magari ya ng'ombe yaliifanya kwa zaidi ya mwezi sasa ikawa ya siku chache. Waitalia na Wahispania walimiminika, mizabibu ikaenea, na kila shamba jipya likadai maji yake.

Maji hayo yalitoka wapi, ikiwa theluji haikuongezeka? Hapa msafiri yampasa aiache mizabibu na kushika njia ya kaskazini-mashariki, kwenda wilaya ya Lavalle. Huko palikuwa na maziwa ya Guanacache, ambamo Wahuarpe walivua samaki kwa mitumbwi ya matete. Kadiri mashamba ya juu yalivyokunywa, ndivyo maziwa ya chini yalivyokauka. Ardhi inyweshwayo katika jimbo zima haifiki sehemu 5 katika 100, lakini karibu mto wote huishia humo. Wazao wa wavuvi wakawa wachungaji wa mbuzi, wakichota maji visimani. Mwaka 2001 jimbo lilipitisha sheria ya kuitambua haki yao ya ardhi. Sheria hiyo haikuurudisha mto. Mahali paitwapo Lagunas del Rosario, yaani Maziwa ya Rozari, pana kanisa la matofali ya udongo, nalo limezungukwa na mchanga.