Gogo Lililovusha Maji Korongoni

Juma hili tuache kidogo habari za mbegu na mbolea. Tuzungumze historia, lakini historia yenye jembe mkononi. Swali letu ni hili: shamba lako liko kilima hiki, maji yako kilima kile, na katikati kuna bonde lenye mto. Utayavushaje maji?

Wewe wa Handeni swali hili unalijua. Vilima unavyo, na udongo unao. Maji ndiyo yanayokupita chini bondeni, au yanakuja siku tatu za mvua halafu mkondo unabaki mchanga mtupu. Hata maji ya kunywa ya mji wa Handeni na vijiji vingi yametegemea, tangu miaka ya 1970, bomba kuu lile tunaloliita HTM, ambalo huchukua maji mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mitambo mpaka huku juu. Kazi kubwa na ya maana. Lakini wote tunajua kanuni yake: mtambo ukisimama, bomba linabaki tupu.

Wazee wetu hawakuwa na mtambo. Walikuwa na mteremko. Maji hufuata mkondo, wahenga walisema, na ukiyatengenezea mkondo yatakwenda unakotaka bila tone la mafuta. Taabu inaanza pale mkondo wako unapofika ukingoni mwa korongo. Hapo njia ni tatu tu.

Njia ya kwanza ni kulizunguka korongo. Unafuata ubavu wa kilima mpaka juu kabisa, mahali korongo linapokuwa jembamba, unavuka, halafu unarudi upande wa pili. Gharama yake ni jasho, lakini mfereji unakuwa mrefu na maji mengi yanazama ardhini kabla hayajafika. Njia ya pili ni kuyashusha maji kwa bomba mpaka chini na kuyaacha yapande yenyewe upande wa pili. Yatapanda, mradi mahali pa kutokea pawe chini kidogo kuliko mahali pa kuingilia. Lakini bomba hilo lazima liwe imara na maungio yake yazibwe sawasawa, maana shinikizo la maji pale chini ni kubwa. Njia ya tatu ni kuyajengea maji daraja lao wenyewe: hori refu linalokatisha juu ya bonde, maji yakipita ndani na mto ukipita chini.

Daraja la maji la namna hiyo si jambo geni duniani. Kule Ufaransa Warumi wa kale walijenga daraja la mawe linaloitwa Pont du Gard, lenye kimo cha karibu mita 49 juu ya mto, ili kupeleka maji katika mji wa Nîmes. Mfereji mzima ulikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, na katika urefu wote huo maji yalishuka chini ya mita 20 tu. Ona ufundi huo: mteremko mdogo kabisa, na maji yanakwenda.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Twende Kilimanjaro, na nitakuambia kwa nini. Maji yanayopita darajani pale Korogwe, mengi yake yalianzia mlima ule. Mto Kikuletwa huleta maji ya Meru na Kilimanjaro, na mto Ruvu huleta ya Kilimanjaro upande wa mashariki na ya Upare. Hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo mto Pangani unaposhuka kandokando ya milima ya Upare na Usambara mpaka Korogwe, Hale, na hatimaye baharini. Kwa hiyo tukizungumza mifereji ya Wachaga, tunazungumza mto wako huo huo, ila kule juu unakozaliwa.

Wachaga huuita mfereji wao mfongo. Wageni kutoka Ulaya walioandika habari za mlima ule katika karne ya 19, kama Charles New aliyefika mwaka 1871 na Harry Johnston mwaka 1884, waliikuta mifongo inafanya kazi na wakastaajabu. Mwaka 1974 mtafiti Mtanzania, Fidelis Masao, alichapisha utafiti juu ya historia ya mifereji hiyo. Basi ufundi huu si zawadi ya mkoloni. Mkoloni aliukuta.

Kazi ilikwendaje? Mito ya Kilimanjaro hupita ndani ya makorongo marefu, na watu wanaishi na kulima juu ya migongo iliyo katikati ya makorongo. Mto unausikia ukinguruma chini, lakini huwezi kuuteka. Wazee walipanda mbali juu ya mlima, wakajenga banio kwa mawe, matawi na udongo, wakayatoa maji pembeni na kuyaongoza taratibu kwenye ubavu wa korongo. Kwa kuwa mto huporomoka haraka na mfongo hushuka polepole, baada ya mwendo mrefu mfongo unajikuta uko juu kuliko mto, mpaka unatokea kwenye mgongo wenye migomba. Mahali palipokuwa na kijikorongo cha kukatisha, walichukua gogo, wakalichimba kati, wakalilaza juu na kuliegemeza. Maji yakavuka.

Wewe Mzigua unayefuga nyuki, gogo la namna hiyo unalijua. Ni kama mzinga wako, ila huu umeachwa wazi juu kama mtumbwi. Tofauti ni kwamba mzinga ukioza unapoteza asali ya mzinga mmoja. Gogo la maji likioza, kila mtu aliye chini yake anapoteza shamba.

Hapa ndipo ninapotaka usimame nami kidogo, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Mfereji wa udongo ukibomoka, jirani mmoja atautia jembe na jioni maji yatapita. Gogo la juu ya korongo ni kitu kingine. Halitengenezwi na mtu mmoja, na aliye juu ya korongo halimhusu, maana yeye maji amekwisha kuyapata. Sasa je, nani atalishika?

Wachaga walilijibu swali hilo kabla ya kuchimba. Mfongo ulikuwa na wenyewe, yaani ukoo wa yule aliyeuanzisha, pamoja na watu wengine waliokubaliwa kutumia maji yake. Ulikuwa na mzee wake wa kuusimamia. Siku ya kazi watu waliitwa kwa pembe, wakatoka kwenda kusafisha na kuziba. Asiyetokea alitozwa faini, na akizidi kukaidi alinyimwa maji. Maji yaligawanywa kwa zamu, na ya usiku yaliweza kukusanywa katika bwawa dogo ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu. Aliyekunywa maji alishika jembe. Hiyo ndiyo nguzo iliyolishikilia gogo lile, kuliko hata mti uliowekwa chini yake.

Wala si Wachaga peke yao. Kule Kenya, katika bonde la Kerio, Wamarakwet kwa karne kadhaa wamekuwa wakiteremsha maji kutoka milimani mpaka mashamba ya mtama na ulezi yaliyo chini kwenye joto. Ukuta wa mlima ule ni mkali mno. Mahali pengine mfereji umeshikizwa kwenye jabali kwa mawe na matawi, na mahali pengine umevushwa kwa magogo yaliyochimbwa kati. Huko nako koo ndizo zinazomiliki mifereji, na kugawana maji ni jambo la baraza la wazee. Makabila mbalimbali, milima mbalimbali, lakini jibu ni moja.

Basi nini kilitokea baadaye? Mto ulipata wenye haja wapya. Katika miaka ya 1930 mashamba makubwa ya miwa yalianza kule Arusha Chini, na mitambo ya umeme ikajengwa katika maporomoko ya Pangani. Wakulima wa mkonge nao walikuwako bonde zima, Korogwe ikiwa mojawapo ya ngome zao. Maji ambayo zamani yalikuwa shauri la ukoo na ukoo yakawa shauri la mlima na bonde. Baada ya Uhuru, Sheria Namba 42 ya mwaka 1974 iliweka maji yote mikononi mwa taifa na kumtaka mtumiaji awe na haki ya maji iliyoandikwa. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya maji ya bonde la Pangani. Na Sheria Namba 11 ya mwaka 2009 ikavipa nafasi vyama vya watumia maji, yaani serikali ikarudi kwenye lile lile la wazee: wanaokunywa mto mmoja wakae baraza moja.

Kwa nini irudi huko? Tazama Moshi Chini. Mwaka 1987 ulikamilika huko mradi mkubwa wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mabanio ya saruji, mifereji iliyosakafiwa, mashamba yaliyosawazishwa, na hekta 1,100 hivi zilizopangwa kwa mpunga. Mavuno yakawa mazuri sana. Wakulima walio juu ya mradi walipoona mpunga unalipa, nao wakafungulia maji mashambani mwao. Si wezi, ni wakulima kama wewe, na mto unapita kwao kwanza. Lakini maji yaliyofika kwenye mradi yakapungua, na sehemu ya mashamba yale mazuri yakakosa kupandwa. Saruji haikupasuka. Kilichokosekana ni mapatano na mtu wa juu.

Ndugu mkulima, tukirudi kwetu, nataka kusema kweli. Sehemu kubwa ya Handeni haina vijito vya kudumu kama vya Kilimanjaro, na usidanganywe kwamba kila kijiji kitachimba mfongo. Lakini walioko bonde la Lwengera, walioko Mombo na miguuni mwa Usambara, na wale wa Handeni waliobahatika kuwa na kijito kisichokauka, jambo hili linawahusu leo. Kwa hiyo, kabla kijiji hakijaandika barua ya kuomba saruji na bomba, kifanye mambo haya manne.

Kwanza, pimeni. Pigeni mambo mstari kwenye njia ya maji, tumieni mpira wa kupimia wa fundi mwashi au pimamaji, mhakikishe upande wa pili wa bonde uko chini kuliko upande wa banio. Jicho hudanganya, hasa milimani. Mwiteni bwana shamba na fundi wa umwagiliaji wa wilaya mapema, kabla jembe halijagusa ardhi.

Pili, hesabuni maji ya kiangazi. Mto wa Aprili si mto wa Septemba. Hori linalojaa wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi ni pambo.

Tatu, wekeni mapatano kabla ya daraja. Nani atafagia hori, siku gani, na asiyekuja atafanywaje? Mtu wa juu ya banio anasemaje? Mtu wa chini kabisa atapata zamu yake lini? Ofisi ya bonde imetoa kibali? Na hapa tuwazidi wazee wetu. Zamani mifereji ilikuwa shauri la wanaume. Leo anayeinamia mche wa mpunga na mchicha mara nyingi ni mama. Kamati ya maji isiyo na akina mama ni kamati inayozungumza habari za shamba bila mwenye shamba.

Nne, zibeni tundu lingali dogo. Chukueni debe la lita 20, mliweke chini ya mahali panapovuja. Likijaa kwa dakika moja, msiseme ni kidogo. Kwa siku moja, usiku na mchana, hayo ni madebe 1,440, yaani lita 28,800. Mazao mengi wakati wa jua hutaka kama milimita 5 za maji kwa siku, na kwa eka moja hiyo ni lita 20,000 hivi. Kwa hiyo tundu lile dogo linakunywa maji ya zaidi ya eka moja ya mboga, kila siku ya Mungu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa juu ya korongo ni ghali.

Siku hizi kule Kilimanjaro mahali pengi magogo yamekwisha ondolewa, na maji yanavuka kwa bomba la chuma au la plastiki. Ni vizuri, maana gogo huoza na mti mkubwa haupatikani tena, wala haifai kuukata kwenye chanzo cha maji. Lakini bomba nalo huziba kwa majani, hupasuliwa, huibwa. Linataka watu wale wale, na pembe ile ile ya kuwaita asubuhi, hata kama pembe ya leo ni simu ya mwenyekiti.

Mkikaa mkutano wa kijiji juma hili, ulizeni jambo moja tu: kama hori letu likidondoka korongoni usiku wa leo, nani atakuwa pale kesho alfajiri? Mkiweza kuwataja kwa majina, nendeni mkaombe saruji.