Jiko la Umeme la Kale: Kulipata, Kulitengeneza na Kulisoma

Katika maandishi yetu juu ya miji ya Katanga tumeshughulika sana na mgodi, reli na kambi ya wafanyakazi; jikoni tumeingia mara chache. Na tulipoingia, tulitazama chungu na chakula, tukaliacha jiko lenyewe pembeni kana kwamba ni chuma kisicho na neno. Makala hii (msomaji wa kwetu asicheke, maana neno hilo huku ndilo jina la mkaa) inakusudia kulitazama jiko la umeme la kale: namna lilivyozuka, namna linavyopatikana leo na mtu anayelitaka, namna ya kulirudishia uhai, na yale yanayoweza kupotea katika kazi hiyo.

Lugha yetu imelipa jiko heshima kubwa. Neno hilo ni mahali pa moto, ni chombo cha kupikia, na mwanamume aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Tutaona baadaye kwamba historia ya jiko la umeme katika nchi yetu haikuufuata msemo huo hata kidogo.

Shida ya kwanza ya jiko la umeme ilikuwa waya. Kwamba umeme ukipita katika waya mwembamba huutia moto, jambo hilo lilifahamika zamani. Huko Ottawa, Kanada, mwaka 1892, Thomas Ahearn aliwaandalia wageni katika Windsor Hotel karamu ambayo vyakula vyake vyote vilipikwa kwa umeme, na mwaka uliofuata watu waliozuru maonyesho makubwa ya Chicago walioneshwa jiko zima la namna hiyo. Lakini karamu ni jambo moja, na kupika kila siku ni jambo lingine. Waya wa chuma ukiwa mwekundu kwa moto huliwa na hewa upesi. Platini hustahimili, ila bei yake haimfai mtu wa kawaida. Ufumbuzi ulikuja mwaka 1906, Mmarekani Albert Marsh alipopewa hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromu. Waya huo ukipata moto hujivika ngozi nyembamba ya oksidi ya kromu, na ngozi hiyo huuzuia usiendelee kuliwa. Majiko ya umeme yaliyofuata, hata rejo ndogo zinazotengenezwa katika mitaa yetu, yanaishi kwa ngozi hiyo.

Hata hivyo, wengine hawakumngoja Marsh. Mfano unaotuhusu zaidi sisi watu wa migodi ni Kalgoorlie, mji wa dhahabu katika jangwa la Australia ya Magharibi. Mwaka 1905 fundi mkuu wa umeme wa manispaa, David Curle Smith, alipewa hataza ya jiko la umeme, na manispaa ikawakodishia wakazi majiko hayo. Halikuwa na thamostati. Mpishi aliongoza moto kwa kufungua na kufunga swichi. Mke wake, Helen Nora Curle Smith, alitunga kitabu cha mapishi kwa ajili ya jiko hilo, kikachapishwa mwaka 1907, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake. Biashara yenyewe haikustawi. Lakini tazama: katika mji wa mgodi, uongozi uliona kwamba umeme unaweza kuingia katika nyumba ya kawaida na kumpunguzia mama kazi. Wazo hilo tutalitafuta Katanga miaka mingi, na hatutaliona.

Huko Marekani aliyelifanya jiko la umeme kuwa bidhaa ni George A. Hughes, aliyeanza kuyauza mwaka 1910. Mwaka 1918 kampuni yake iliunganishwa na Hotpoint pamoja na idara ya vyombo vya joto ya General Electric. Waya wa majiko ya mwanzo ulikaa wazi, umezungushwa katika mifereji ya udongo wa kauri. Mchuzi ukimwagika, waya hukatika, na kijiko cha chuma kikiugusa, mpishi hupata pigo. Ndipo ilipobuniwa fimbo iliyofungwa, ambayo General Electric waliiita Calrod: waya wa nikeli na kromu ndani ya mrija wa chuma, na kati yao unga wa oksidi ya magnesi ulioshindiliwa sana. Unga huo hupitisha joto na kuuzuia umeme. Huko Ulaya walipendelea plaki nzito za chuma cha kuyeyusha, zinazochelewa kupata moto na kuchelewa kupoa. Wapishi waliozizoea hujua kuizima plaki kabla chakula hakijaiva, kiive kwa joto lililobaki.

Bei ilikuwa kizuizi. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda shirika la kuwakopesha watu fedha za kununulia vyombo vya umeme, jiko likiwa miongoni mwavyo, maana ilitambua kwamba bwawa bila wanunuzi wa umeme ni hasara. Kisha ikaja vita. Mwaka 1942 viwanda vya majiko viligeuzwa kuwa vya silaha, na mwaka huohuo kanuni za umeme zililegezwa ili kuokoa shaba: mwili wa jiko uliruhusiwa kufungwa kwenye waya wa kati, badala ya kuwa na waya wake wa ardhi. Ruhusa hiyo ya dharura ilidumu hadi mwaka 1996 ilipoondolewa kwa nyumba mpya. Waya mmoja wa shaba katika kila jiko! Tuliokulia Katanga hatuwezi kuusoma ukurasa huo bila kukumbuka kwamba Desemba 1941, wakati Washirika walipokuwa wakiidai shaba yetu kwa haraka, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville.

Basi, mtu anayetaka leo jiko la miaka ile atalipataje? Kwa kawaida hulipata katika nyumba inayobomolewa, au kwa warithi wanaotaka nafasi, na mara nyingi hulipata kwa bei ndogo kuliko gharama ya kulibeba. Kabla ya kulipa, atafute kibao cha chuma chenye namba, nguvu na volti, ambacho huwa nyuma ya mlango wa tanuri au chini ya droo. Jiko lisilo na kibao ni kama barua isiyo na tarehe. Pili, atazame enameli. Hiyo si rangi. Ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma katika joto la digrii 800 hivi, na ikibanduka hairudi kwa brashi. Kutu ya juujuu si neno. Tundu la kutu chini ya tanuri ni neno zito. Tatu, ahesabu vifundo na swichi, kwa sababu fimbo ya moto inaweza kupatikana kwingine, lakini swichi ya jiko la mwaka 1938 haipatikani ila katika jiko jingine la mwaka huo.

Msomaji mwenye ndoto ya kuleta huku jiko la Kimarekani na ajue hesabu yake. Fimbo ya volti 240 ikipewa 220 hutoa asilimia 84 tu ya joto lake, na hilo linavumilika. Lakini ngazi za moto mdogo katika majiko hayo hupatikana kwa kuipa fimbo nusu ya volti, na nusu hiyo umeme wetu hauna. Na saa ya jiko, iliyozoea mitetemo 60 kwa sekunde, hata ikipewa volti zake, itachelewa dakika 10 katika kila saa moja.

Kuhusu kulitengeneza, kanuni ya kwanza ni kutoliwasha. Tamaa ya kujaribu «kama linafanya kazi» imeharibu majiko mengi na kuwaumiza watu. Unga wa oksidi ya magnesi hunywa unyevu wa hewa. Jiko lililokaa miaka 30 bila kutumiwa huwa na fimbo zenye maji ndani, na umeme hupita humo hadi kwenye mwili wa jiko. Fimbo hizo hukaushwa polepole kwa joto dogo, kisha hupimwa kwa chombo cha kupimia upinzani, ndipo zipewe nguvu zake zote. Waya wa ardhi utiwe, hata kama jiko halikuzaliwa nao: katika jiko la ruhusa ya 1942, waya wa kati ukikatika, mwili mzima wa jiko hushikwa na umeme, na anayeufahamu kwanza ni yule aliyeshika sufuria.

Hatari nyingine haionekani. Nyaya za ndani za majiko mengi ya kale zimevikwa kitambaa cha asbesto, ambacho kikichakaa hutoa vumbi linaloleta saratani ya mapafu na ya utando wake, pengine baada ya miaka 30 au 40. Kitambaa hicho hakipigwi brashi wala hakipulizwi. Hulowanishwa, hutolewa kwa uangalifu na mtu aliyejikinga, hufungwa, na mahali pake huwekwa nyaya za joto kali zilizovikwa nyuzi za kioo. Viungo vyake visiunganishwe kwa risasi ya kulehemia, kwani huyeyuka kwa joto la jiko. Mengine, kama kusugua kromu na kurekebisha thamostati kwa kipimajoto, ni kazi ya subira tu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, yakafuata Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956 juu ya Lualaba. Nguvu zote hizo zilikusudiwa mitambo ya shaba na kobalti. Jiko la umeme liliingia kwanza katika nyumba za Wazungu, na kwa kuwa kazi ya jikoni humo ilifanywa na wanaume, Mkongo wa kwanza kuufahamu moto huo alikuwa mpishi mwanamume, yule aliyeitwa boyi. Jioni alirudi kambini au mtaani, na huko mke wake alipika kwa kuni au kwa makala juu ya mbabula. Mtu mmoja, kwa siku moja, alivuka kutoka katika karne moja ya moto hadi nyingine, kwenda na kurudi. Mwaka 1982 ilipomalizika njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1700 hivi, vijiji vilivyo chini yake vilibaki na kuni zao, na miombo iliyoizunguka Lubumbashi inaendelea kuwa makala.

Kwa hiyo jiko la kale linalopatikana katika nyumba ya Lubumbashi au Likasi si sawa na lile la Chicago. Wenye nyumba walipoondoka, jiko lilibaki, likafunguliwa na kufungwa na mafundi wa hapa: plaki iliyokufa ikawekewa waya uliozungushwa juu ya tofali, kifundo kilichovunjika kikawekewa kipande cha mti, mlango ukafungwa kwa waya wa baiskeli. Mtengenezaji wa Ulaya au Marekani huyaita mambo hayo uharibifu, naye huyaondoa ili jiko lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Sisi tunamkatalia. Kiwanda kimeacha orodha zake na picha zake. Fundi wa mtaani hakuacha karatasi, na kifundo cha mti ndicho maandishi yake pekee. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika mradi wa kukusanya kumbukumbu za mji, wamewauliza wakazi juu ya maisha ya nyumbani na vyombo vyake, na ingefaa jiko nalo liulizwe hivyo.

Hatusemi kwamba lisiguswe. Asbesto itoke, waya wa ardhi uingie. Kwa mambo hayo hatuna ubishi na mtu. Lakini kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa, lipigwe picha pande zote, nyaya zichorwe zilivyo, na kila kipande cha fundi wa hapa kiandikiwe kadi: kilitoka wapi, kilifungwa na nani, mwaka gani, na baada ya kukifunga jiko lilipika nini. Maswali hayo yana wa kuyajibu leo. Wapishi waliotumikia nyumba zile kabla ya mwaka 1960 wamebaki wachache sana, nao ni wazee.