Kibali cha Jukwaa

Wapo wahakiki wenzetu wanaoigawa tamthilia ya Kenya sehemu mbili, kabla na baada ya Desemba 1991. Eti kifungu cha 2A kilipofutwa katika katiba na KANU ikakoma kuwa chama pekee halali, jukwaa nalo likawa huru. Mgawanyo huu ni rahisi kufundisha darasani. Mimi naupinga, na ninaupinga kwa tarehe.

Hebu tutazame Kamiriithu, Limuru. Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii na kuigizwa na wakulima na vibarua wa kijiji hicho, ulinyang'anywa kibali Novemba 1977. Kabla mwaka haujaisha, Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Sasa, kisheria Kenya ya 1977 ilikuwa nchi ya vyama vingi! Jukwaa lenyewe la Kamiriithu lilibomolewa Machi 1982. Kifungu cha 2A kikaja Juni. Yaani kubomoa kulitangulia sheria. Waliofanya kazi hiyo hawakuhitaji chama kimoja. Walihitaji ofisa wa utawala mwenye uwezo wa kutoa na kunyima kibali, uwezo ambao serikali huru iliurithi kwa mkoloni bila hata kubadilisha kufuli.

Basi 1991 kifungu kilifutwa, kibali kikabaki. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 wapinzani waliomba ruhusa ya kufanya mikutano kwa maofisa wa rais yule yule waliyetaka kumwondoa. Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Tunapenda kuwalaumu Matiba, Kibaki na Odinga kwa kugawana kura, na kweli waligawana, lakini lawama hiyo inawasahau maofisa hao. Haki ya kukutana kwa kutoa taarifa tu, bila kuomba leseni, ilipatikana mwishoni mwa 1997, katika mapatano ya wabunge yaliyoitwa IPPG. Humo humo wapinzani walipewa nafasi ya kupendekeza makamishna wa uchaguzi, ila hilo lilikuwa jambo la kuaminiana tu. Kuelekea uchaguzi wa 2007 Kibaki, aliyekuwa mpinzani wakati wa mapatano yale, aliteua makamishna peke yake. Yaliyofuata uchaguzi huo tunayajua: zaidi ya watu 1,000 waliuawa.

Katiba ya 2010, ibara ya 33, inalinda waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hapa niko tayari kuwapa wenzangu haki yao. Mwaka 2013 Shackles of Doom, mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, ulizuiwa kwenye tamasha la kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe, na ukaigizwa. Hiyo si tofauti ndogo. Wanakijiji wa Kamiriithu wangekimbilia mahakama gani? Kisha, Aprili 2025, shule hiyo hiyo ikaja na Echoes of War. Mahakama ikaamuru tena waruhusiwe. Safari hii mwandishi wake, Cleophas Malala, alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi huko Nakuru, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.