Gita jipya lililozeeshwa: mikwaruzo hii ni ya nani?

Leo naweka kando habari za misimbo na tarakilishi ili tuzungumzie mbao na nyuzi. Lakini msiondoke. Mwishoni tutarudi kwenye programu, maana nimegundua kwamba swali ni lile lile.

Kisa kilianzia hapa Rhonda. Kijana mmoja anayepiga gita kanisani aliniletea gita la umeme alilolinunua mtandaoni kwa shilingi 38,000, akiba yake ya karibu mwaka mzima. Muuzaji alimhakikishia kuwa ni la miaka ya 1960. Na kweli, kwa macho lilikuwa mzee: rangi imebanduka, vyuma vimeshika kutu, mgongo umechubuka.

"Kaka, nitafutie kwenye intaneti limetengenezwa mwaka gani," akaniambia.

Nilichukua bisibisi nikafungua bamba la mbele. Ndani kulikuwa na nyaya zilizovikwa plastiki inayong'aa, na swichi iliyokaa juu ya kibao cha saketi cha kuchapishwa, aina ile inayotiwa kwenye magita ya bei nafuu ya siku hizi. Miaka ya 1960 hata kiwanda kikubwa kama Fender kilikuwa kikiunganisha nyaya za kuvikwa kitambaa, mkono kwa mkono. Tena kutu ilikuwa juu ya vichwa vya skrubu tu; shina lake lilikuwa jeupe kama limetoka dukani jana. Gita lilikuwa jipya. Mtu alikuwa amelizeesha kwa msasa na asidi, na kijana wetu akalipia miaka ambayo haikuwahi kupita.

Nilikasirika kwa niaba yake. Halafu nikasoma zaidi nikashangaa: huko nje wapo watu wanaolipa zaidi, tena wakijua, ili wauziwe gita jipya lililochakazwa.

Ilianzaje?

Fender ilitoa gita la Stratocaster mwaka 1954. Januari 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13. Baadaye wapigaji wengi wakaanza kunung'unika kwamba ubora umeshuka, na magita ya kabla ya 1965 yakawa dhahabu. Wafanyakazi na washirika wao waliinunua kampuni kutoka CBS mwaka 1985, na 1987 wakafungua karakana ya kutengeneza magita maalumu kwa oda. Mwaka 1995 karakana hiyo ikaanza kuuza magita mapya yaliyozeeshwa. Fundi aliyeyachakaza yale ya mwanzo, Vince Cunetto, aliifanya kazi hiyo hadi 1999.

Kuna sababu ya kikemia iliyofanya uzee uwe jambo la kutengenezwa. Magita ya zamani yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo ni nyembamba. Inanyauka, inageuka manjano, inapasuka nyufa ndogondogo kwenye baridi, na inalika mkono unapoisugua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fender ilihamia vanishi ya poliesta, ngumu na nene kama ganda la plastiki. Gita la namna hiyo unaweza kulipiga miaka thelathini na bado likang'aa. Kwa hiyo anayetaka sura ya uzee hawezi kungoja tu. Ni lazima apake vanishi ya kale kisha aichakaze kwa makusudi. Mafundi hupoza mbao ghafla ili vanishi ipasuke, huweka vyuma kwenye mvuke wa asidi, hugonga kingo kwa funguo, na husugua mgongo mahali ambapo bako la mshipi lingegusa.

Mfano ulio maarufu zaidi ni Blackie, gita jeusi la Eric Clapton. Mwaka 1970 alinunua Stratocaster kadhaa kuukuu huko Nashville, akagawia marafiki baadhi, na kutokana na zilizobaki akaunganisha moja. Spea za magari matatu, gari moja! Hata fundi wa jua kali angeielewa kazi hiyo. Gita hilo liliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. Mwaka 2006 Fender ikatoa nakala 275, kila moja na mikwaruzo ile ile na alama zile zile za kuungua kwa sigara, kwa zaidi ya dola 20,000. Hebu fikiria: mtu mmoja alisahau sigara yake ikiwaka, na watu 275 wakalipia kovu hilo.

Mkono wa hapa kwetu

Hapa ndipo historia yetu inaponisaidia kufikiri. Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville (leo Likasi, Kongo), alikuta kijana anayepiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, huku besi na sauti ya juu zikitoka pamoja. Mtindo huo ulifika hadi Nairobi, naye Mwenda mwenyewe akaja. Magharibi mwa Kenya George Mukabi akaujenga mtindo wa omutibo. Wapo waliofunga penseli shingoni mwa gita kwa mpira au kamba ili kupandisha sauti. Baadaye wapigaji wa benga, wakiwemo Shirati Jazz ya D.O. Misiani, wakaupeleka mkono wa kushoto juu kabisa ya shingo, kule nyuzi zinakolia kwa sauti nyembamba. Nyimbo nyingi za benga zilirekodiwa katika studio ya Chandarana pale Kericho, si mbali na Nakuru.

Sasa jiulize: gita la mpigaji wa benga lingelika wapi? Lingelika juu shingoni. Na la mpigaji wa vidole viwili? Pale kidole gumba kinapopita, na pale penseli ilipofungwa. Lakini gita la yule kijana lilikuwa limesuguliwa karibu na kichwa, kwenye kodi za mwanzo, na kwenye ukingo wa juu ambapo mkono wa mpigaji wa roki hupumzika. Aliyelichakaza alinakili picha ya gita la Mmarekani au Mwingereza. Hakudanganya mwaka peke yake, alidanganya pia mkono.

Linganisha na jambo jingine alilolirekodi Tracey mwaka 1950 kule Kapkatet, kwa Wakipsigis. Sauti ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ilikuwa imewafikia kupitia gramafoni. Hawakunakili gita lake. Walichukua kinanda chao cha nyuzi, chepkong, wakalitamka jina lake kwa ulimi wao, na ukazaliwa wimbo wa Chemirocha. Walipokea kitu cha mbali, wakakitia alama ya mikono yao wenyewe.

Haki yao wanaopenda

Nisiwaonee. Shingo iliyolainishwa ni tamu mkononi kuliko shingo yenye vanishi inayonata. Gita lenye mkwaruzo tayari halikutii hofu ya kulikwaruza, na mwanamuziki asiye na hofu hupiga vizuri. Tena Fender hugonga muhuri wa karakana yake nyuma ya kichwa cha gita na kutoa cheti. Mnunuzi wa kwanza hadanganywi. Ila cheti hupotea, na muhuri unaweza kusuguliwa. Mnunuzi wa tatu je?

Sasa turudi kwenye kazi yangu. Programu ya Git, tunayotumia kutunza historia ya misimbo, hukuruhusu kuandika tarehe yoyote unayotaka. Ninaweza leo kutengeneza mradi unaoonekana nimeuhangaikia tangu 2010. Msimbo utafanya kazi vilevile. Lakini siku hitilafu itakapotokea na mwenzangu akafungua kumbukumbu kutafuta chanzo, ataongozwa na uongo. Mikwaruzo ya gita ni kumbukumbu za namna hiyo, na faida yake yote hutokana na kwamba hakuna aliyekaa chini kuitunga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lainisha shingo, zungusha kingo, tumia vanishi nyembamba itakayolika yenyewe. Hiyo ni kazi ya ufundi. Lakini usiniandikie maisha ambayo hayakuishiwa.

Na wewe unayenunua cha mkono wa pili, fungua bamba. Tazama nyaya, toa skrubu moja uangalie shina lake, kisha uliza: mkono gani ungesugua hapa?

Kijana wetu hakurudishiwa pesa. Muuzaji alizima simu. Alitaka kulipaka gita rangi upya kwa aibu, kisha akaghairi. Bado analipiga kila Jumapili. Juzi nilipolishika niliona juu ya shingo, kwenye freti ya kumi na mbili hivi, doa dogo lililoanza kung'aa. Hilo hakulinunua.

Je, wewe msomaji waonaje?